Uso wa Shangazi Kalista

Asubuhi ya kwanza nilimcheka. Mdogo wangu Frida alitoka chumbani akipapasa ukuta, kope zimejaa kama za mtoto wa paka aliyezaliwa jana, na mimi niliyekuwa nimekaa mlangoni nakula kiporo cha maharage nikamuuliza kama amelala ndani ya mzinga wa nyuki.

"Kaka, acha. Uso wangu mzito."

"Utaachaje kuwa mzito na umebeba nyuso mbili? Moja irudishe kwa mwenyewe."

Ndiyo kazi yangu hapa kwetu Nyakisasa. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu si ya kuongelea mbele za wageni, na tangu hapo nahudumia migomba ya bibi, nauza ndizi gulioni, na muda unaobaki nawatania watu. Hata padri nimeshamtania. Alicheka, kisha akanipa kitubio kirefu kuliko kosa.

Bibi Francisca, mama yake baba, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alitoka na kisu mkononi, akamtazama Frida, na kisu kikashuka taratibu mpaka ubavuni. Hakusema pole. Alitamka jina, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto.

"Kalista."

Shangazi Kalista alikuwa binti yake wa mwisho. Alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo namjua kwa picha moja tu iliyotundikwa sebuleni chini ya msalaba: msichana wa miaka kumi na tisa, mashavu ya mviringo, macho membamba kama yamechanjwa kwa wembe, anaitazama kamera kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Nikaitazama picha, nikamtazama Frida, na kijiko changu kikabaki hewani. Frida ana uso mwembamba wa mama, na kidevu ambacho huwa nasema angeweza kupalilia nacho maharage. Asubuhi ile kidevu hakikuwapo. Aliyesimama pale na sare ya darasa la nne alikuwa shangazi.

Jioni alirudi kuwa Frida. Ule uvimbe ulishuka, na ninaposema ulishuka sina maana nyingine: uso ulinywea, miguu ikajaa, soksi za shule zikamwachia mfereji kuzunguka vifundo. Nikamwambia mama kwamba shangazi ameteremka, labda ataondoka kwa miguu. Mama hakucheka.

Kesho yake alfajiri shangazi alikuwa amerudi.

Mama, jina lake Tecla, ni mtu wa kunyamaza, na alichokiona asubuhi ile alikileta uani akiwa amenyamaza hivyo hivyo. Ni kopo ambalo Frida hukojolea usiku ili asitoke nje. Mkojo wenyewe ulikuwa mdogo, haufiki hata kikombe, na rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, juu yake povu ambalo halikutaka kuisha. Tulisimama tukilitazama lile povu. Kuku aliyekuja kuchungulia aliondoka.

"Mama," mama akamwambia bibi, "naomba nimpeleke zahanati."

"Watampa dawa nani? Frida au Kalista?"

"Mkojo una damu, mama."

"Nimeuona. Hata wa Kalista ulikuwa hivyo. Kalista naye alijiwa, alijiwa na mama yangu mimi. Sasa ni zamu yake kuja."

Akatueleza dawa yake, na alieleza kama mtu anayetaja dozi. Aliyekufa hali chumvi. Ndiyo maana chakula wanachowekewa wazee wa ukoo, kwa wale ambao bado wanakiweka na Jumapili wanakwenda misa, hupikwa bila chumvi. Basi mtu akijiwa na marehemu, unamlisha chumvi. Unaiweka kwenye mchuzi, kwenye uji, kwenye maji ya kunywa, mpaka mgeni ashindwe na kuondoka.

Tulimpigia baba simu. Baba yuko machimboni Geita na mtandao wake huja kama mvua ya kiangazi.

"Mama ndiye aliyemuuguza Kalista," akasema. "Fanyeni anavyotaka."

"Baba, Frida anakojoa chai ya rangi."

"Danstan, leo sina nafasi ya vichekesho."

Ubaya wa kuwa mchekeshaji ni huo. Ukisema jambo la kweli, watu wanasubiri sehemu ya kuchekea, na wasipoiona wanakata simu.

Basi mtoto akalishwa chumvi. Bibi alichemsha dagaa, akatupia mabonge ya chumvi ya mawe, akakoroga, akaonja, akaongeza. Frida alikunywa akikunja uso, kisha akapata kiu, akanywa maji, akanywa tena. Mtungi mzima uliingia ndani yake na kilichotoka kilikuwa matone. Niliwaza sana maji yale yanakaa wapi. Kila alfajiri nilipata jibu: shangazi alikuwa amenenepa zaidi ya jana.

"Bibi, si ulisema chumvi inamfukuza?"

"Inamfukuza."

"Mbona anazidi kujaa? Huyu anaaga au anahamia?"

"Kaa kimya, wewe. Unacheka mbele ya wakubwa zako."

Hapo alikuwa hanitazami mimi wala Frida. Alikuwa anatazama picha.

Frida alianza kulalamika kichwa. Akaacha shule. Mchana alikaa kwenye mkeka amenyoosha miguu, na ukibonyeza shavu la mguu kwa kidole, shimo lilibaki pale kama nyayo ya mbuzi kwenye tope. Kwanza tulicheza mchezo huo, mimi nikibonyeza na kumwambia napanda mahindi. Siku mashimo yalipokataa kujaa, tuliacha.

Halafu ikaja alfajiri ya gulio. Niliamka kukiwa na ukungu, ule wa kwetu unaoingia mpaka jikoni na kukaa kama mtu wa nyumbani. Nilikuwa natafuta panga. Nikapita karibu na chumba cha Frida, nikasikia watu wawili wanaongea.

"Waramutse, Kalista," ilisema sauti ya bibi, salamu yetu ya asubuhi.

Kisha sauti nyingine, nzito, kama ya mtu mwenye uji mdomoni, ikajibu:

"Waramutse, mama."

Nimezaliwa na Frida nyumba moja. Bibi humwita bibi. Na alfajiri hamsalimu mtu yeyote mpaka awe amemwagiwa maji.

Nikachungulia. Bibi alikuwa ameketi kitandani, bakuli la mchuzi magotini, anaufuta ule uso kwa ncha ya kitenge. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona bibi akitabasamu vile, hata siku baba alipomletea godoro. Yule kitandani alikuwa ameelekea dari, macho hayaonekani kabisa, ni mikato miwili tu.

"Leo umekuja vizuri," bibi akasema. "Jana ulikuwa mbali. Kunywa, mwanangu. Kunywa ukae."

Ukae. Niliposimama pale nikiwa nimeshika ukuta, nililirudia neno hilo kichwani. Hakusema uondoke.

Nikaingia na kulichukua bakuli magotini pake. Lilikuwa la moto na harufu ya chumvi ilipanda mpaka machoni.

"Bibi, humfukuzi mtu wewe."

Nilitegemea anikaripie. Badala yake alianza kukunja kitenge, akakikunjua, akakikunja.

"Nilianza kwa kumfukuza, Mungu anajua. Kisha nikaona kila nikizidisha, anakuja wazi zaidi. Wewe hukumjua. Ni wangu. Nina jambo moja tu la kumuuliza, Danstan. Akinijibu nitamwacha aende, na Frida nitakurudishia."

"Frida si kikapu cha kuazima, bibi."

"Jambo moja tu."

"Na akikataa kujibu? Utaendelea kumjaza mpaka apasuke?"

Hakupata nafasi ya kunijibu. Kitanda kilianza kugonga ukuta. Nilidhani ni bibi anatetemeka. Alikuwa Frida. Mgongo umekakamaa, mikono inarusharusha, meno yamebana, na kwenye ile mikato ya macho kumetokea weupe mtupu. Degedege. Mama alikimbilia chumbani akamgeuza ubavu, akamshika kichwa, huku akiita jina lake, Frida, Frida, kama anayetaka kuhakikisha ni yeye atakayerudi.

Nilimtazama bibi. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, na midomo yake imekauka.

"Kalista alifanya hivi," akasema. "Siku ile ile. Asubuhi alifanya hivi, na kabla jua halijakaa sawa akawa amekufa."

Akaachana na ukuta, akanishika bega.

"Mpeleke," akasema. "Danstan, mpeleke hospitali. Sasa hivi."

Felisiani, jirani yetu, ana pikipiki ambayo taa yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Degedege lilipoachia, tulimweka Frida katikati, mimi nyuma yake, mama akatufunga wote wawili kwa kitenge kama mzigo mmoja. Tukashika barabara ya kuelekea Biharamulo, kwa kuwa upande wa pili mvua ilikuwa imekula daraja. Ukungu ulifunguka mbele yetu na kufunga nyuma.

"Ongeza mwendo," nikamwambia Felisiani.

"Nikiongeza tutapaa, na leseni ya ndege sina."

Jua lilitoka. Likatupiga usoni, likapaka migomba yote rangi ya shaba. Hapo Frida akainua kichwa kifuani pangu.

"Kaka, mbona kumekuwa giza?"

Nilipitisha mkono mbele ya uso wake. Macho hayakuufuata.

"Wamesahau kuwasha," nikasema. "Subiri kidogo."

"Bibi yuko wapi?"

"Anakuja nyuma na mama."

"Usimwambie kama sioni. Atasema ni yule mwingine."

Nilimshikilia, na nilihisi mwili wake unachezacheza kwa ndani, maji tupu, kama ndoo iliyojaa ambayo mbebaji hataki imwagike.

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke anayeitwa Agripina, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alimfunga Frida kile kitambaa cha kupimia presha, akasoma, akafunga tena, akasoma tena.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Kumi."

"Presha yake ni ya mzee mwenye wake watatu." Hakucheka, na alikuwa tayari ameshamwita muuguzi alete sindano. "Mkojo wake ukoje?"

"Chai ya rangi, daktari. Na povu."

Nikasubiri aniambie hana nafasi ya vichekesho. Akaandika.

"Wiki chache zilizopita aliumwa koo? Vidonda vya ngozi?"

"Upele. Shule nzima walikuwa nao. Alijikuna miguu mpaka ikatoa usaha, kisha ikapona."

"Anakula nini?"

Nikamwambia habari za chumvi. Kalamu ikasimama.

Walimchoma sindano ya kuteremsha presha na ya kutoa maji, wakamwekea penisilini, wakamlaza. Ndipo Agripina alipogeuka kwangu na kuniuliza kama nimewahi kukamua ndizi kwa ajili ya pombe ya rubisi. Nikamwambia mimi ni Mhangaza, aniulize kama nimewahi kuvuta pumzi.

"Sawa. Ukishakamua, juisi unaichuja. Kinachotakiwa kubaki kinabaki, kisichotakiwa kinapita. Figo ndiyo kazi yake. Ina vichujio vidogo sana, maelfu kwa maelfu. Mdogo wako alipopata vile vidonda, mwili ulituma askari kupigana na vijidudu. Wakashinda. Vidonda vikafunga. Lakini mizoga ya vita ikasafiri kwenye damu ikakwama kwenye vichujio, askari wakaifuata huko huko, na vichujio vikavimba. Sasa damu inapita mahali isipotakiwa, ndiyo chai yako ya rangi. Na maji na chumvi vinavyotakiwa kutoka vinabaki ndani."

"Vinakwenda wapi?"

"Popote penye nafasi. Ukilala, usoni. Ukisimama, miguuni."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Siku zote zile nilikuwa nimemtazama shangazi akipanda na kushuka ndani ya mwili wa mdogo wangu, na kumbe alikuwa maji.

"Atapona?"

"Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona kabisa. Wakiwahi. Tunasubiri mkojo. Akianza kukojoa vizuri, amevuka. Asipokojoa..." Akavaa miwani. "Tusubiri."

Nikaingia wodini. Wagonjwa walikuwa wamechanganywa siku ile, kwa sababu paa la wodi ya watoto lilikuwa linatengenezwa. Nilipita kitanda cha kwanza, kuna mtoto wa kiume, mama yake akaniambia wametoka Nyabusozi. Mashavu ya mviringo, macho kama yamechanjwa kwa wembe. Nikapita haraka. Kitanda cha pili, mwanamke mjamzito, amelala chali: mashavu yale yale, macho yale yale. Karibu na dirisha, mzee mwenye mvi, na kwenye uso wake mpana, uliolainika mpaka mikunjo imekwisha, kulikuwa na shangazi Kalista ananichungulia kama kwenye ufa wa mlango.

Nilikaa sakafuni kando ya kitanda cha Frida. Wodi nzima ilikuwa shangazi. Alikuwa amelala kila mahali, anakohoa, anaomba maji, ananyonyesha.

Bibi na mama walifika jua likiwa juu. Mama alikwenda moja kwa moja kwa Frida. Bibi alisimama mlangoni. Niliona macho yake yakitembea kitanda kwa kitanda, na mkono wake ukapanda taratibu ukaziba mdomo. Alikwenda kwa yule mtoto wa Nyabusozi, akainama. Akaenda kwa yule mjamzito. Akafika kwa mzee, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, na shimo likabaki.

"Wewe ni nani?" akamuuliza.

"Thobias, dada. Wa Kibimba." Mzee alitabasamu kwa taabu. "Ni figo."

Bibi akamgeukia Agripina, ambaye alikuwa anapita na chupa ya dripu.

"Mwanangu, hii sura ni ya nani?"

"Sura gani, mama?"

"Hii waliyovaa wote."

Agripina alitazama wodi kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Ni ya ugonjwa, mama. Figo zikishindwa kutoa maji, watu hufanana."

"Na mtu akimpa mgonjwa chumvi?"

"Chumvi inayashika maji yasitoke. Anazidi kujaa, presha inapanda mpaka kichwani, anapata degedege. Anaweza kufa siku hiyo hiyo."

Alidhani anaulizwa habari za Frida. Akaongeza kwa upole kwamba huyu amewahi, asijilaumu, kisha akaenda zake na chupa yake.

Bibi aliketi kwenye sakafu karibu yangu.

"Amejibu," akasema.

"Nani, bibi?"

"Lile jambo langu. Nilitaka kumuuliza Kalista kama ni mimi, na chumvi yangu."

Nikamsogelea mpaka bega langu likagusa lake.

"Unajua lililo baya zaidi?" bibi akaendelea, sauti ya chini, kama anasengenya mtu. "Picha tulipiga akiwa ameshaanza kuumwa. Nimeitazama miaka yote hii. Sura yake ya kabla, siikumbuki."

Siku zilizofuata zilikuwa za kusubiri. Muuguzi alitupa chupa yenye mistari na akasema kila tone lipimwe. Uji ulikuja bila chumvi, ndizi bila chumvi, maji kwa kikombe kidogo. Macho ya Frida yalirudi kuona siku ile ile jioni, presha iliposhuka, lakini chupa ilibaki na yale matone meusi chini, na Agripina alipokuja kuitazama alikuwa anaondoka bila kusema kitu, jambo lililonitisha kuliko kama angesema. Nilisali rozari nzima kwa ajili ya mkojo. Sidhani kama Bikira Maria aliwahi kupokea ombi la namna hiyo kutoka Nyakisasa.

Na kila alfajiri shangazi alikuja kama kawaida, akajaa kwenye mto, akatuchungulia. Bibi alikuwa anaamka kabla yetu na kusimama mbele yake. Hakumsalimu tena. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa barazani. Asubuhi moja nilimsikia akimwambia kwa sauti ndogo, "Mwache mtoto. Mimi ndiye unayenidai."

Sijui alikuwa anaongea na maji au na nani. Mimi nina kidato cha nne na maelezo ya daktari, nayaamini maelezo hayo, na bado nilivuta blanketi mpaka puani.

Frida aliamka muda si mrefu baadaye akasema anataka kukojoa. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikamnyanyua, bibi akashika chupa, na tukasubiri yale matone. Hayakuwa matone. Sauti ilianza, ikaendelea, ikaendelea. Bibi alitazama chupa ikipanda mstari mmoja baada ya mwingine, bado rangi ya chai lakini chai iliyoongezwa maji, na ilipofika shingoni akanipa nimwage, akaweka nyingine.

"Huyu kameza mto Ruvubu," nikasema. Mzee Thobias akacheka kutoka dirishani.

Kufikia mchana, Frida alikuwa amejaza chupa sijui ngapi, na kwenye mto kidevu kilikuwa kimeanza kutokeza, kidogo, kama ncha ya jembe inayochomoza kwenye udongo. Macho yalifunguka kwa upana wake wa kawaida, wa ukorofi. Shangazi alikuwa anaondoka mbele yetu, mchana kweupe, shavu kwa shavu, na hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Agripina alipima presha akasema vizuri, mara mbili.

Mama alilia kwa furaha. Bibi alilia pia, lakini amegeukia upande, na kilio chake nilikifahamu. Nimekisikia kwenye misiba.

"Nataka tena," Frida akasema.

Bibi akafuta macho kwa kitenge, akainama, akaishika ile chupa vizuri kwa mikono miwili. Akainua uso kumtazama Frida usoni, kwa karibu, akitafuta.

"Bibi," Frida akasema, "usinitazame. Haitoki ukinitazama."

Bibi akageuka kuelekea ukutani, chupa bado mikononi, akasubiri.